Namna ya Kuacha Kutegemea Injini Moja ya Kivinjari: Mwongozo kwa Steshinari, Ofisi na Watengenezaji wa Tovuti wa Dodoma

Ukiingia kwenye steshinari yoyote ya Dodoma katika msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu, iwe Majengo, Nkuhungu au kando ya barabara iendayo UDOM, utakuta kompyuta zote zimefungua kivinjari kilekile huku vijana wakisubiri zamu ya kujaza fomu zao. Katika ofisi za Mtumba hali ni hiyo hiyo, na kwenye simu ya mkulima wa zabibu wa Hombolo au mfanyabiashara wa alizeti wa Kondoa hakuna tofauti kubwa. Kwa hesabu za dunia nzima, Chrome peke yake huchukua takribani theluthi mbili ya matumizi ya vivinjari, na ukijumlisha vivinjari vingine vilivyojengwa juu ya injini hiyo hiyo, kinachobaki kwa wengine wote ni kidogo.

Sikusudii kumshawishi mtu afute Chrome, kwa kuwa ni programu yenye kasi na inayolindwa vizuri. Ninachotaka ni kwamba kila kompyuta, kila ofisi na kila tovuti inayotengenezwa hapa kwetu iweze kuendelea na kazi siku ambayo injini hiyo moja itabadilishwa na mwenye nayo kwa namna tusiyoitaka, au itaacha kuhudumia mashine za zamani tulizo nazo. Hilo linawezekana kwa gharama ndogo ya bando na kwa saa chache za kazi, na maelezo yanayofuata yanaonyesha namna ya kulifanya.

Kwanza, tambua injini unayoitumia

Kivinjari ni programu unayoiona kwa macho, yaani vitufe, vichupo na sehemu ya kuandika anwani. Injini ni sehemu ya ndani inayosoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza kuwa maandishi, picha na fomu. Mabasi mawili yanaweza kutoka stendi yakiwa na rangi tofauti na majina tofauti ubavuni, lakini mashine iliyo chini ikawa ya kiwanda kimoja. Ndivyo ilivyo kwa vivinjari vingi tunavyodhani vinashindana.

Injini zinazotumiwa na watu wengi zimebaki tatu. Ya kwanza ni Blink, ambayo huendelezwa zaidi na Google ndani ya mradi wa programu huria uitwao Chromium, na ndiyo iliyomo ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet. Ya pili ni WebKit ya Apple, iliyomo ndani ya Safari. Ya tatu ni Gecko ya Mozilla, iliyomo ndani ya Firefox na pia ndani ya Tor Browser. Kwa hiyo mtu aliyehama kutoka Chrome kwenda Opera au Brave amebadilisha kivinjari, na huenda amepata faida za kweli katika kuhama huko, ila injini ni ileile.

Ikiwa huna uhakika, andika chrome://version kwenye sehemu ya anwani. Ukurasa ukifunguka na ndani yake ukaona mstari wenye neno Chrome na namba ya toleo, uko kwenye Blink, hata kama nembo iliyo juu ya dirisha ni ya kampuni nyingine. Katika Firefox utaandika about:support, na utapata ukurasa wenye taarifa zote za toleo lako.

Kwenye simu mambo yamejificha zaidi. Programu nyingi za Android zikikufungulia kiungo ndani yake zenyewe, bila kukupeleka kwenye kivinjari chako, hutumia sehemu ya mfumo iitwayo Android System WebView, nayo imejengwa kwa Blink. Kwenye iPhone mambo ni kinyume chake: Apple imeweka sharti kwamba kila kivinjari kitumie WebKit, kwa hiyo hata Chrome na Firefox za iPhone ni WebKit kwa ndani. Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kulegeza sharti hilo katika nchi zake mwaka 2024, lakini iPhone inayotumika hapa Dodoma haikuguswa na mabadiliko hayo.

Kwa nini jambo hili ni la kuhangaikia

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Internet Explorer 6, na katika miaka iliyofuata kivinjari cha kampuni hiyo kikashika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Baada ya kukosa mshindani, kampuni hiyo haikutoa toleo jipya hadi Oktoba 2006. Kwa miaka mitano mizima tovuti ziliandikwa kwa kufuata makosa ya programu moja, na nchi ya Korea Kusini ilijikuta imefunga huduma za benki na za serikali kwenye ActiveX, teknolojia ya Microsoft peke yake, kiasi kwamba kuiondoa baadaye ilikuwa kazi ya miaka mingi. Ni Firefox, iliyotoa toleo la 1.0 mwezi Novemba 2004, iliyoanza kuirudisha Microsoft kwenye ushindani, na Chrome ilipofika mwaka 2008 ilikuta njia imeshafunguliwa.

Tangu hapo injini zimezidi kupungua. Opera iliachana na injini yake ya Presto mwaka 2013. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaachana na EdgeHTML, injini yake yenyewe, na Edge mpya yenye Blink ikatoka Januari 2020. Kampuni yenye utajiri wa kiwango hicho iliona kuendesha injini yake yenyewe ni mzigo usiolipa. Hata Gecko iliyobaki haisimami kwa miguu yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutokana na malipo ya Google kwa ajili ya kuwekwa kuwa mtambo wa kutafuta wa chaguomsingi. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze Chrome, na malipo kwa vivinjari vingine hakuyapiga marufuku. Maana yake ni kwamba mshindani mkuu wa Chrome bado anaishi kwa fedha za mwenye Chrome, na hilo linapaswa kumtia wasiwasi kila anayeutegemea mtandao.

Jambo jingine husahaulika. Blink yenyewe ilijitenga kutoka WebKit mwaka 2013, na WebKit ilitokana na KHTML, injini ndogo ya mradi wa KDE uliojengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, ambayo Apple iliichukua mwaka 2001. Kama wakati ule tovuti zote zingekuwa zimefungiwa injini moja bila nafasi kwa injini ndogo, Safari na Chrome tunazozijua zisingezaliwa.

Matokeo ya kuwa na mwamuzi mmoja tumeshayaona. Kati ya mwaka 2024 na 2025 Chrome iliacha kukubali viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari) vya mfumo wa zamani, na uBlock Origin, kiendelezi kinachozuia matangazo na kilichokuwa na mamilioni ya watumiaji, kikazimwa ndani yake. Vivinjari vingine vya Blink vililazimika ama kufuata au kubeba wenyewe gharama ya kupinga uamuzi uliofanywa kwingine. Kwa mtu anayenunua bando la siku, matangazo ya video yanayojifungua yenyewe ni fedha inayotoka mfukoni mwake. Halafu kuna Februari 2023, ambapo Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1, wakati huku kwetu kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimetumika bado zinaendesha mifumo hiyo kwenye steshinari na shule nyingi. Mozilla iliendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa toleo la Firefox 115 kwa ajili ya mashine hizo muda mrefu baada ya hapo.

Kusakinisha injini ya pili

Kwa kompyuta za Windows na Linux, injini ya pili iliyo rahisi kupatikana ni Gecko kupitia Firefox. Wenye kompyuta za Apple tayari wana Safari, kwa hiyo wakiongeza Firefox sambamba na Chrome watakuwa na injini tatu kwenye mashine moja.

Mwenye steshinari au maabara ya shule asipakue programu hii mara moja kwa kila kompyuta. Kwenye tovuti ya Mozilla kuna kisakinishi kidogo ambacho huvuta sehemu iliyobaki kupitia mtandao, na kuna kisakinishi kamili kisichohitaji intaneti wakati wa kusakinisha. Pakua hicho cha pili mara moja, kiweke kwenye flashi, kisha kipitishe mashine hadi mashine. Ofisi zisizopenda mabadiliko ya mara kwa mara zichague toleo liitwalo ESR, ambalo hupata mabadiliko makubwa takribani mara moja kwa mwaka huku marekebisho ya usalama yakiendelea kuja kila baada ya wiki chache. Hakikisha faili limetoka kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe, kwa sababu visakinishi vinavyozunguka kwenye flashi za watu mara nyingi hubeba virusi.

Baada ya kusakinisha, Firefox itakuuliza kama unataka kuingiza alamisho na historia kutoka kwenye kivinjari ulichokuwa ukitumia. Ukikubali, vitahama vyenyewe. Nywila zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Njia inayofanya kazi karibu kila mahali ni kuzitoa kutoka kwenye kidhibiti cha nywila cha Chrome kama faili la CSV, kisha kuliingiza faili hilo kwenye Firefox, lakini faili hilo huwa na nywila zako zote katika maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Usifanye kazi hiyo kwenye kompyuta inayotumiwa na wateja, usilitume faili kwa WhatsApp au barua pepe, na ukimaliza ulifute kwa kubonyeza Shift pamoja na Delete ili lisibaki kwenye pipa la taka.

Kwenye kompyuta ya wateja hakuna sababu ya kuhifadhi nywila yoyote. Fungua mipangilio ya faragha ya Firefox, zima kipengele cha kuhifadhi nywila, kisha weka alama kwenye chaguo la kufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) na data za tovuti kila kivinjari kinapofungwa. Mwombaji wa mkopo anapoondoka kwenye kiti, akaunti yake haipaswi kubaki wazi kwa anayefuata. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania, na mwenye steshinari anayeshughulikia vyeti na namba za vitambulisho vya watu anafanya vyema kulichukulia jambo hili kwa uzito wake.

Kompyuta inayoendesha Windows 7 isiachwe katika hali hiyo kwa sababu tu Firefox inafunguka, kwani mfumo wenyewe uliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020. Ikiwa mashine haiwezi kubeba Windows mpya, Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta nyingi za zamani, haidai malipo, na huja na Firefox ndani yake.

Kwenye simu

Kwenye Android, pakua Firefox kutoka Play Store, kisha uingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu za chaguomsingi, na uichague kuwa kivinjari chako. Ukiruka hatua hii, karibu kila kiungo utakachobonyeza kitaendelea kufunguka kwenye Chrome, na baada ya wiki moja utasahau kwamba ulisakinisha kitu. Kisha fungua menyu ya viendelezi uongeze uBlock Origin, kwani Firefox ya Android hukubali viendelezi vingi ambavyo Chrome ya Android haivikubali kabisa. Manufaa yake utayaona mapema kwenye tovuti za habari, ambako matangazo hula data nyingi kuliko habari yenyewe.

Kwa wenye simu dhaifu na mtandao hafifu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Bahi na Mpwapwa, Opera Mini bado ina nafasi yake. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hupunguzwa ukubwa, kisha hutumwa kwenye simu. Tahadhari yake ni kwamba seva hizo husimama kati yako na tovuti, kwa hiyo kazi za benki na za serikali zifanyike kwenye kivinjari cha kawaida.

Tovuti inapogoma kwenye injini ya pili

Ukianza kutumia Firefox kwa kazi zako zote, sehemu kubwa kabisa ya tovuti zitafunguka bila tatizo, lakini utakutana na chache zitakazogoma, na watu wengi huamua hapo hapo kwamba kivinjari ni kibovu. Kabla ya kufika huko, fungua tovuti hiyo kwenye dirisha la faragha, kwa sababu vidakuzi vya zamani husababisha hitilafu nyingi kuliko injini. Ikigoma tena, bonyeza alama ya ngao iliyo karibu na sehemu ya anwani uzime ulinzi dhidi ya ufuatiliaji kwa tovuti hiyo peke yake, kisha zima viendelezi. Ikifunguka baada ya hapo, injini haina kosa.

Kama bado inagoma, angalia maneno yanayotokea. Ujumbe unaosema utumie Chrome mara nyingi haumaanishi kwamba Firefox imeshindwa. Unamaanisha kuwa mtengenezaji alisoma jina la kivinjari chako na kukuzuia kabla ya kujaribu. Katika hali hiyo, au pale kitufe kinapokataa kubonyezeka, tumia Chrome kukamilisha kazi ya mteja aliyeko mbele yako, halafu rudi kwenye Firefox, fungua menyu ya mistari mitatu, na utumie chaguo la kuripoti tovuti iliyoharibika. Ripoti hizo huwafikia wahandisi wa Mozilla, ambao huwasiliana na wenye tovuti au huweka marekebisho ndani ya kivinjari. Waandikie pia wenye tovuti wenyewe, ukitaja kivinjari, toleo, ukurasa na hatua uliyoishia, na uambatanishe picha ya skrini. Barua yenye maelezo hayo manne hufanyiwa kazi. Malalamiko ya jumla hukaa kwenye kikasha.

Kwa wanaotengeneza tovuti

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa sababu mtumiaji hawezi kuhama ikiwa tovuti anazozihitaji zimeandikwa kwa injini moja. Vijana wanaotoka vyuo vya Dodoma ndio wanaoandika mifumo ya shule, zahanati, SACCOS na halmashauri, na wengi wao hujaribu kazi yao kwenye Chrome ya kompyuta yao tu.

Chukua mfano wa fomu ya maombi ya kazi inayouliza mwezi ambao mwombaji alianza ajira yake ya mwisho. Mtengenezaji ameandika `<input type="month">`, na kwenye Chrome kinatokea kisanduku kizuri chenye kalenda ya miezi. Mwombaji huyo huyo akikaa kwenye kompyuta yenye Firefox, anaona kisanduku kitupu cha maandishi. Atamuuliza mhudumu, “Dada, hapa mbona hakuna pa kuchagua?”, na mhudumu atamwambia aandike tu. Ataandika “Machi 2021”, fomu itamrudishia maandishi mekundu. Atabadilisha aandike “03/2021”, itamkatalia tena, kwa sababu seva inasubiri “2021-03” na hakuna mahali popote palipomwambia hivyo. Safari ya kompyuta ina tatizo hilo hilo. Dawa yake ni nyepesi mno: weka orodha mbili za kuchagua, moja ya miezi kuanzia Januari hadi Desemba na nyingine ya miaka, na fomu itafanya kazi kwenye kila injini, kwenye simu ya zamani, na hata kwa mtu asiyeona anayetumia kisoma-skrini.

Kisanduku cha tarehe kamili, yaani `type="date"`, kinafanya kazi kwenye injini zote tatu, lakini mpangilio unaoonekana hufuata lugha iliyowekwa kwenye kivinjari au kompyuta. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani, ambacho hutanguliza mwezi, kwa hiyo mtu aliyezaliwa tarehe 5 Machi anaweza kujikuta amezaliwa tarehe 3 Mei. Kwa tarehe ya kuzaliwa ninapendekeza orodha tatu, siku, mwezi na mwaka, mwezi ukiandikwa kwa jina. Kwenye JavaScript usimpe `new Date()` tarehe iliyoandikwa kwa mtindo wowote utakaokujia. Kiwango kinadhamini mtindo wa mwaka, mwezi na siku kama 2025-03-05, na mitindo mingine imeachiwa kila injini iamue yenyewe.

Usimzuie mtu kwa jina la kivinjari. Maandishi ambayo vivinjari hujitambulisha nayo yamejaa majina ya kuazima: Chrome hujitaja kuwa Mozilla, AppleWebKit na Safari kwa pamoja, na majina hayo yalirundikana hasa kwa sababu tovuti za miaka iliyopita zilikuwa zikiwafungia mlango wenye majina mageni. Uliza kama uwezo unaouhitaji upo. Katika JavaScript unaweza kuuliza kama `'bluetooth' in navigator`, na katika CSS unatumia `@supports`. Web Bluetooth na WebUSB, yaani njia za tovuti kuwasiliana moja kwa moja na vifaa, zimo kwenye Blink, lakini Mozilla na Apple zilizikataa kwa hofu ya usalama na faragha, kwa hiyo mfumo unaounganisha kichapishi cha risiti kwa njia hizo lazima uwe na njia nyingine, hata ikiwa ni faili la PDF la kuchapisha kwa kawaida.

Kabla ya kutumia kipengele kipya, kitafute kwenye MDN, maktaba ya maelezo ya watengenezaji wa tovuti, au caniuse.com. Utaona alama ya Baseline, iliyoanzishwa mwaka 2023, ambayo huonyesha kama kipengele kimefika kwenye injini zote kuu, na kinahesabiwa kuwa kimeenea baada ya kutimiza miezi 30 tangu siku hiyo. Kwa wateja wa Dodoma na Singida, ambao simu zao hazisasishwi mara kwa mara, tumia vile vilivyokwisha kuenea. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla zimekuwa zikishirikiana katika mradi uitwao Interop kusawazisha tofauti za injini zao, kwa hiyo anayefuata viwango leo hupata shida ndogo sana kuliko waliomtangulia.

Kuhusu majaribio, Firefox inatosha kwa Gecko. WebKit ni ngumu kidogo, kwa sababu Safari ya Windows ilikoma mwaka 2012 na wachache wetu wana kompyuta za Apple. Zipo njia mbili zisizo na malipo. Kwenye Linux unaweza kusakinisha GNOME Web, inayojulikana pia kama Epiphany, ambayo imejengwa kwa WebKit. Njia ya pili ni Playwright, zana huria ya Microsoft inayofungua ukurasa wako kwenye Chromium, Firefox na WebKit, hata kwenye Windows, na kukupigia picha ya kila mmoja. Haifanani na Safari kwa kila kitu, lakini hukamata makosa mengi. Ukipata rafiki mwenye iPhone, muombe ajaze fomu yako mwanzo hadi mwisho ukiwa umekaa pembeni yake.

Mwisho wa majaribio, zima JavaScript uone kinachobaki. Fomu ambayo bado inaweza kutumwa katika hali hiyo itafika pia kwa mtu wa Opera Mini, na itavumilia mtandao unaokatika katikati ya kupakia.

Kwa maafisa TEHAMA na wanaoandaa zabuni

Ofisi inayonunua mfumo ina nguvu kuliko mtumiaji yeyote, na nguvu hiyo iko kwenye karatasi ya masharti. Usiandike kwamba mfumo “ufanye kazi kwenye Chrome”, wala usiandike kwamba “ufanye kazi kwenye vivinjari vyote”, kwa kuwa la pili halipimiki. Andika kwamba kila hatua ya mtumiaji, kuanzia kujisajili, kupakia viambatisho, kupata namba ya kumbukumbu ya malipo hadi kuchapisha risiti, ikamilike katika matoleo ya sasa ya Chrome, Firefox na Safari, kwenye kompyuta na kwenye simu, na kwamba mzabuni awasilishe ushahidi wa majaribio hayo kabla ya kulipwa awamu ya mwisho. Sharti hilo likiwekwa mapema halimgharimu mtengenezaji mwangalifu kitu kikubwa. Likidaiwa mwaka mmoja baada ya mfumo kuanza, litakuwa mkataba mwingine na bajeti nyingine.

Ndani ya ofisi, weka Firefox kwenye kila mashine sambamba na Chrome au Edge. Inaweza kusimamiwa kwa sera za kikundi za Windows au kwa faili liitwalo policies.json, kwa hiyo afisa mmoja anaweza kupanga mashine zote kwa mtindo mmoja. Siku ambayo injini moja inagundulika kuwa na tundu la usalama linaloshambuliwa kabla marekebisho hayajafika, utawahamishia watumishi kwenye nyingine kwa muda bila kazi kusimama. Kumbuka kuwa tundu la Blink mara nyingi huwa pia ndani ya Edge, Opera na Brave, kwa hiyo kuhama kutoka Chrome kwenda Edge katika saa hiyo si kinga.

Injini changa

Kuna kazi mbili zinazostahili kufuatiliwa. Servo ilianzishwa na Mozilla mwaka 2012, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na tangu mwaka 2023 iko chini ya Linux Foundation Europe, ambapo kampuni ya Igalia ni miongoni mwa wanaoiendeleza. Ladybird ilianza kama sehemu ya SerenityOS, mfumo endeshi wa Andreas Kling, na mwaka 2024 ikaundiwa taasisi isiyo ya kibiashara; injini yake haikutokana na Blink, WebKit wala Gecko. Zote mbili bado hazifai kwa kazi ya benki au ya mteja, na hazipaswi kuwekwa kwenye kompyuta ya steshinari.

Kwa mwanafunzi wa kompyuta wa UDOM au wa chuo kingine, hata hivyo, ziko wazi kabisa. Msimbo wao unasomeka na yeyote, orodha za kasoro ziko hadharani, na miongoni mwa kasoro za Servo zimo zilizotiwa alama maalumu kwa ajili ya wanaoanza. Njia nzuri ya kuingia ni kuchukua tovuti unayoifahamu vizuri, kama ile uliyoitengeneza mwenyewe, kuifungua kwenye toleo la majaribio la Servo, kutafuta sehemu ndogo inayoonekana vibaya, kisha kupunguza msimbo wake hadi ubaki na mistari michache tu inayoonyesha kosa hilo. Angalia kama kosa hilo limeshaandikwa kwenye orodha. Kama halimo, liripoti pamoja na mistari hiyo, picha ya Servo, na picha ya ukurasa uleule ndani ya Firefox na Chrome.